Kabla hujaisugua CD yako, jua unasugua nini

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nina boksi la CD za muziki, na nyingine nilizochoma mwenyewe zenye picha za harusi ya dada yangu. Baadhi zinakwamakwama katikati ya wimbo, na moja deki haiitambui kabisa. Rafiki yangu kaniambia nizipake dawa ya meno. Mwingine anasema kuna dawa ya kupulizia ambayo hata CD nzima inaifanya itoe sauti nzuri zaidi. Je, kung'arisha kunasaidia kweli, na nifanyeje nisiziharibu?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Kung'arisha kunasaidia, ila kwa tatizo la aina moja tu: mkwaruzo ulioko upande wa chini, ule usio na maandishi. Nyimbo zako na picha za dada yako hazimo kwenye uso unaotaka kuusugua. Ziko upande wa pili, chini kidogo tu ya maandishi. Niruhusu nianzie hapo, kwa sababu anayelielewa hili hawezi tena kudanganywa na muuza dawa yeyote.

CD ina unene wa milimita 1.2, na karibu unene wote huo ni plastiki moja angavu iitwayo polikaboneti. Kiwandani, uso wa juu wa plastiki hiyo hupigwa chapa ya vishimo vidogo mno, vilivyopangwa kwenye njia moja ndefu inayozunguka kutoka katikati kwenda ukingoni. Juu ya vishimo hupakwa utando wa alumini, mwembamba kiasi cha kupimwa kwa makumi ya nanomita (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita). Juu ya alumini huja vanishi ya maikromita chache (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na juu ya vanishi wino wa jina la albamu. Hakuna kingine. Leza huingia kutoka chini, hupenya plastiki yote, hugonga alumini na kurudi ilikotoka. Kwa hiyo plastiki ni kama kioo cha dirisha: kikichafuka au kikikwaruzika huoni vizuri kilicho chumbani, lakini kilicho chumbani kiko palepale.

Philips na Sony, waliobuni CD na kuiingiza sokoni mwaka 1982, waliutumia unene huo kwa akili sana. Mwale wa leza unapogusa uso wa chini una upana wa takriban milimita 0.7. Ukifika kwenye vishimo umeshajikusanya hadi maikromita 1.7 hivi, yaani upana umepungua zaidi ya mara mia nne. Chembe ya vumbi au mkwaruzo mwembamba ulioko chini unaziba kipande kidogo tu cha mwale huo mpana, na sehemu iliyobaki inatosha kusoma. Ndiyo maana CD iliyojaa mikwaruzo midogo ya kutisha macho mara nyingi inacheza bila tatizo lolote. CD ya namna hiyo iache kama ilivyo. Kila unaposugua unapunguza plastiki, na hakuna sababu ya kuipunguza kwa ajili ya urembo.

Ulinzi wa pili umo ndani ya data yenyewe. Kabla ya kuandikwa, data hutawanywa na kuongezewa namba za ziada ambazo deki huzitumia kukokotoa kilichopotea. Mfumo huo unaweza kurudisha kikamilifu pengo la karibu milimita 2.5 kwenye njia. Pengo likizidi hapo, deki ya muziki hukadiria: hutazama sauti kabla ya pengo na baada yake, ikajaza katikati, na sikio kwa kawaida halijui. Likizidi tena, ndipo unasikia kukwama, kuruka au mlio wa kukwaruza. CD ya data, kama zile za picha, haina ruhusa ya kukadiria, maana huwezi kubuni kipande cha faili. Badala yake imewekewa tabaka la ziada la kusahihisha makosa, na likishindwa hilo, faili haifunguki.

Sasa tazama mwelekeo wa mkwaruzo, maana una uzito kuliko wingi. Njia mbili zinazopakana zimeachana kwa maikromita 1.6 tu. Mkwaruzo wenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita, ukiwa umenyooka kutoka katikati kwenda ukingoni, unakatiza kila njia kwa kitambo kidogo sana, na namba za ziada zinaumudu. Mkwaruzo huohuo ukifuata mzunguko wa CD kwa urefu wa sentimita moja, unalala juu ya njia sitini hivi, na kila moja kati ya hizo inapata pengo la sentimita nzima. Hapo mfumo unazidiwa. Kutokana na hesabu hiyo ndipo ilipotoka kanuni ya kufuta CD kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha kitambaa. Watu wengi huzungusha kwa sababu umbo la CD linawaita wafanye hivyo, na ukichunguza CD zilizoharibika vibaya utakuta mara nyingi mikwaruzo yake imefuata mzunguko.

Kabla ya yote, tafuta mgonjwa ni nani. Weka kwenye deki CD nyingine unayojua ni nzima. Ikikwama nayo, basi lenzi ya deki imechafuka au leza imechoka, na CD zako hazina kosa. Kisha jaribu zile zinazosumbua kwenye mashine nyingine, ikiwezekana draivu ya kompyuta, kwa maana draivu hazilingani hata kidogo katika uvumilivu wa mikwaruzo. Nimeona CD nyingi zilizokatiwa tamaa zikisomwa na draivu nyingine bila kuguswa.

Baada ya hapo ishike CD kwa ukingo na tundu la katikati, uinue mbele ya taa yenye mwanga mkali, maandishi yakikuelekea. Ukiona vitundu vya mwanga vinapenya, alumini imetoboka hapo. Hiyo ni data iliyoondoka, na hakuna polishi duniani itakayoirudisha. Kitundu kimoja kidogo kinaweza kufidiwa na namba za ziada, lakini kipara cha milimita kadhaa hakifidiki. Geuza sasa upande wa chini, uinamishe kidogo ili mwanga upige kwa mshazari, upitishe ukucha taratibu juu ya mkwaruzo. Ukucha usiponasa, kazi ni ya polishi peke yake. Ukinasa, polishi pekee haitatosha. Na ile CD ambayo deki haiitambui kabisa, ikague kwa makini karibu na katikati, kwenye ule mduara wa ndani unaoanzia sehemu inayong'aa. Usomaji huanzia hapo, na hapo ndipo lilipo jedwali linaloiambia deki kuna nyimbo ngapi na ziko wapi. Mkwaruzo mdogo eneo hilo unaweza kuifunga CD nzima, ilhali mkwaruzo mkubwa ukingoni huenda usiguse chochote, kwa sababu CD nyingi hazijajaa hadi mwisho.

Jambo la pili kabla ya kusugua, nalo nalisisitiza kwa moyo wote kwa ajili ya zile picha: nakili kwanza kila kinachosomeka. Hali ya CD leo inaweza kuwa ndiyo bora kabisa utakayowahi kuipata. Kwa muziki, programu kama Exact Audio Copy hurudia kusoma sehemu yenye utata hadi ipate majibu yanayokubaliana. Kwa CD za data, programu ya ddrescue huchukua kwanza kila kilicho kizima, kisha hurudi kwenye sehemu mbovu, na inaweka kumbukumbu ya ilipofika. Kwa hiyo unaweza kuanza kwenye draivu moja ukamalizia kwenye nyingine, na mara nyingi vipande vilivyoshindikana huku hupatikana kule. Punguza kasi ya draivu ikiwa programu inaruhusu. CD ikizunguka taratibu, leza inapata nafasi ya kuifuata njia.

Kisha osha. Tatizo kubwa la CD nyingi zinazoletwa kung'arishwa ni alama za vidole na mafuta, wala si mikwaruzo. Tumia maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, pitisha ncha za vidole au pamba laini kutoka katikati kwenda nje, suuza kwa maji mengi, kisha kausha kwa kugusisha kitambaa cha maikrofaiba bila kuburuta. Madoa yanayong'ang'ania yanatoka kwa spiriti ya isopropili. Usipake kamwe asetoni, dawa ya kutolea rangi ya kucha, tina au petroli: polikaboneti huitikia vimiminika hivyo kwa kugeuka nyeupe na kutoa nyufa ndogondogo ndani kwa ndani, na ufa huo haung'arishwi. Jaribu CD tena baada ya kuiosha. Ikicheza, kazi imekwisha.

Isipocheza, ndiyo tunafika kwenye swali lako. Kung'arisha maana yake ni kukata kingo za mkwaruzo na kushusha uso wa jirani hadi mwanga upite bila kutawanyika. Dawa ya meno inafanya hivyo, maana ina chembe za kusugulia, mara nyingi kalsiamu kaboneti au silika. Rafiki yako hakukudanganya. Ila chembe hizo zilichaguliwa kwa ajili ya meno, ukubwa wake haujapangwa kwa ajili ya uso wa kupitisha leza, na zile za kufanya meno yawe meupe huwa kali zaidi. Inaondoa mkwaruzo mwembamba kama unywele na kuacha ukungu mwepesi nyuma yake. Mimi siitumii pale polishi ya plastiki inapopatikana. Dawa za kung'arishia shaba nazo ziache, nyingi zina amonia, na polikaboneti haipatani na amonia.

Chukua polishi laini kabisa ya plastiki. Ile ya hatua ya mwisho ya kung'arishia taa za mbele za magari inafaa sana, kwa kuwa taa hizo nazo ni polikaboneti, lakini usipake kile kimiminika cha kufunikia kinachouzwa nayo pamoja. Tandika kitambaa safi kilichokunjwa mara mbili juu ya meza bapa, uilaze CD maandishi yakiwa chini. Hakikisha hakuna hata chembe ya mchanga chini yake, kwa maana upande huo ndio wenye vanishi nyembamba na data. Weka tone la polishi kwenye pamba au maikrofaiba, kisha sugua kwa mistari iliyonyooka, ndani kwenda nje na kurudi, ukitumia tumbo la vidole viwili vitatu badala ya ncha ya kidole kimoja. Usiishie kwenye mkwaruzo tu. Sugua eneo pana pande zake zote, kwa sababu ukichimba mahali pamoja unatengeneza bonde, na bonde kwenye plastiki angavu ni lenzi. Leza ya CD inafanya kazi ndani ya maikromita chache za fokasi, yaani pale mwale unapojikusanya sawasawa. Deki ina mota inayoisogeza lenzi juu na chini kufuata CD inavyopepea, lakini bonde lenye kuta za ghafla linaipotezea njia. Nimeshuhudia CD zilizong'aa kama mpya zisisome popote pale kwa sababu hiyo.

Baada ya dakika chache osha, kausha, tazama kwa mshazari. Utauona mkwaruzo ukipoteza ukali wa kingo zake kwanza, halafu unakuwa kama kivuli. Kivuli kinatosha. Huhitaji mkwaruzo utoweke, unahitaji leza ipite, kwa hiyo jaribu CD kila baada ya awamu na usimame mara tu inaposoma.

Mkwaruzo unaonasa ukucha unahitaji msasa wa maji kabla ya polishi: namba 1500 kwa ule mbaya hasa, kisha 2000, kisha 3000. Lowesha muda wote. Usipande namba ya juu mpaka alama za namba iliyotangulia ziishe zote, na suuza CD na meza kila unapobadilisha, kwa kuwa chembe moja ya 1500 iliyobaki itakuchorea mistari mipya wakati wa 3000. Uso utakuwa na ukungu mweupe wa kutia hofu; usitishike, polishi itauondoa. Viwango vya CD vinaruhusu unene wa plastiki utofautiane kwa milimita 0.1, kwa hiyo nafasi ya kukata ipo, lakini si ya kuchezea.

Usiingize drili kwenye kazi hii. Polikaboneti hulainika kwenye nyuzi 147 hivi za Selsiasi, na msuguano wa kasi, mahali padogo, pakavu, unafika huko upesi kuliko unavyodhani. Plastiki haikatiki tena, inapakazika. Mashine za kitaalamu za kung'arishia CD hutumia maji kupoza, na uso mzima hukatwa sawasawa, jambo ambalo mkono hauwezi. Ukiwa na CD yenye thamani na mkwaruzo mrefu unaofuata mzunguko, mpelekee mwenye mashine ya aina hiyo badala ya kujifunzia juu yake.

Ipo na njia ya kujaza mkwaruzo badala ya kuukata, nami naipenda kwa kazi moja: kuokoa. Mkwaruzo unatawanya mwanga kwa sababu umejaa hewa, na mwanga hupinda vikali unapotoka kwenye hewa kuingia kwenye plastiki. Ukiujaza nta angavu au mafuta ya mgando, ambayo hupinda mwanga karibu sawa na plastiki, leza inapita kana kwamba mkwaruzo umezibwa. Paka kidogo sana, futa ya juu yote kwa mistari ya kwenda nje ibaki iliyoko ndani ya mkwaruzo, nakili kwa kasi ndogo, kisha osha. Usiiache CD ikae na mafuta, itakusanya vumbi na kuchafua lenzi.

Upande wa maandishi hausuguliwi kwa lolote lile. Mkwaruzo wa hapo ukishapita vanishi, umeshapasua alumini. Karatasi ya gundi iliyobandikwa usijaribu kuibandua, kwani inaweza kuondoka na alumini. Kalamu ya wino yenye ncha ngumu inatoboa kwa mgandamizo, na wino wenye kiyeyushi kikali unaweza kupenya vanishi. Tumia kalamu ya wino wa maji yenye ncha laini, tena kwenye ule mduara angavu wa katikati usio na data. Ukiona CD ya kiwandani inageuka rangi ya shaba kuanzia ukingoni, huo ni ugonjwa wa utando wenyewe. CD zilizotengenezwa na kiwanda cha PDO huko Blackburn, Uingereza, kati ya mwaka 1988 na 1993, zinajulikana kwa tatizo hilo: vanishi haikuhimili salfa iliyomo kwenye karatasi za majalada. Zinakiliwe haraka. Kung'arisha hakuzigusi.

Zile ulizochoma mwenyewe ni dhaifu zaidi. Badala ya vishimo zina rangi maalumu iliyobadilishwa na leza ya kuandikia, na rangi hiyo huharibiwa na mwanga na joto. Plastiki ya chini ni ileile, kwa hiyo maelekezo ya kuosha na kung'arisha hayabadiliki, ila usizikaushe juani.

Nimalizie na ile dawa ya kuboresha sauti. Madai ya namna hii ni ya zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu walikuwa wakipaka ukingo wa CD wino wa kijani wakiamini unazuia mwanga usizurure. Wengine wakauza vifaa vya kuiondolea CD sumaku, ilhali alumini haishiki sumaku. Ukweli ni kwamba kinachosomwa kwenye CD ni namba, na namba ikisomwa sahihi haina daraja la uzuri. Huna haja ya kuniamini mimi. Nakili wimbo mmoja kwenye kompyuta kutoka CD nzima, ipulizie dawa, nakili tena, kisha iambie programu ikulinganishie faili hizo mbili. Zikilingana hadi biti ya mwisho, dawa haikuongeza chochote kwenye muziki. Anayeapa kwamba alisikia tofauti anaweza kuwa mkweli kabisa: kama CD yake ilikuwa chafu kiasi cha deki kukadiria, kuifuta tu kulirudisha sauti halisi, na maji ya sabuni yangefanya vilevile.

Katika boksi lako ukikuta DVD, inavumilia kung'arishwa kwa uangalifu zaidi, maana data yake iko katikati ya vipande viwili vya milimita 0.6 vilivyogandishwa pamoja, na nafasi ya kukata ni nusu. Blu-ray usiisugue kabisa: juu ya data yake kuna milimita 0.1 tu, yenye utando mgumu ambao ukiuondoa umeimaliza.

Kwa hiyo wiki hii nakili picha za harusi, kabla hujanunua polishi yoyote. Halafu ziendee CD za muziki kwa maji na sabuni. Utakazofika nazo kwenye polishi, andika kwenye karatasi kila moja inakwama wimbo gani, dakika na sekunde ngapi. Ikiwa baada ya awamu mbili za kung'arisha bado inakwama kwenye sekunde ileile, acha kusugua. Irudishe mbele ya taa utafute kitundu, kisha uijaribu kwenye draivu nyingine.